Kwa Nini Raj Hakutoroka

Babangu amezaliwa Mombasa na hajui Kihindi hata cha kuombea maji. Lakini mwekee Deewaar, ile picha ya mwaka wa 1975 ya ndugu wawili, mmoja polisi na mwingine mhalifu, na atakutafsiria kila kitu. Wakifika pale chini ya daraja, Amitabh Bachchan anajigamba kwa mdogo wake kwamba ana magari, ana majumba, ana pesa benki. Kisha anamuuliza: na wewe una nini? Hapo mzee huinua kidole kabla Shashi Kapoor hajafungua mdomo. "Sasa sikiza," ananiambia. Shashi Kapoor anajibu kwamba yeye ana mama. Basi. Babangu anatoa leso.

Mimi hucheka. Nimekulia Nairobi, kwa muvi za Marekani tulizokuwa tukikopiana kwa flashi, na picha za Kihindi nikizielewa tu DJ Afro akizisimulia. Katika muvi za Marekani, mtu akiulizwa ana nini, anatoa bastola. Na mtu mzima anayeishi na mamake huwa ni kichekesho, au kama ni Psycho ya 1960, huyo mama ni maiti iliyokauka kwenye chumba cha chini ya nyumba.

Huu utani mimi na mzee tumekuwa nao miaka mingi. Halafu nikaacha chuo kikuu nikiwa mwaka wa tatu, na utani ukageuka kesi. Kesi yenyewe nitaifikia. Kwanza nataka tuiangalie hii tofauti tunayoicheka, kwa sababu nilipoanza kuifuatilia niligundua kwamba sehemu kubwa ya niliyoyaamini ilikuwa imekaa kichwa chini, miguu juu.

*

Tuanze na busu, maana kila mtu huanzia hapo.

Nyumbani kwetu rimoti ilikuwa silaha. Ikiwekwa muvi ya Marekani, mzee aliishika mwanzo hadi mwisho, kwa sababu wale jamaa hawabishi hodi: watu wanaongea habari za bima, mara wamekumbatiana. Ikiwekwa picha ya Kihindi, rimoti ilikaa mezani. Mapenzi yachachamae vipi, nyuso zikaribiane mpaka pua ziguse, unajua kamera itakimbilia bustanini. Maua mawili yanasukumwa na upepo, yanagusana, na sisi watoto tunaelewa kwamba haya, wamependana.

Nilikua nikiamini kwamba Wahindi waliumbwa na haya na Wamarekani wakasahauliwa. Ni kweli Marekani ilianza mapema. Mwaka wa 1896 kampuni ya Thomas Edison ilitoa kipande cha chini ya nusu dakika ambacho ndani yake May Irwin na John Rice, watu wazima wenye miili yao, wanabusiana, na hakuna kingine. Lakini India nayo haikukawia. Katika Karma ya 1933, Devika Rani alimbusu Himanshu Rai peupe kwenye skrini. Tena walikuwa mke na mume wa ndoa. Serikali ya mkoloni ilikuwa na bodi za kukagua filamu Bombay, Calcutta na Madras tangu 1920, ila kilichomnyima mkoloni usingizi zaidi kilikuwa siasa. Gusia uhuru, uone mkasi.

Mwaka mmoja baada ya Karma, Hollywood ndiyo iliyojitanda kanga. Kanuni za maadili zilizopewa jina la Will Hays zilikuwa zimeandikwa 1930, lakini ni 1934 zilipoota meno. Mke na mume wakalazwa kwenye vitanda viwili, kila mtu na chake, kama wanafunzi wa bweni. Busu likatakiwa lisizidi sekunde tatu hivi. Alfred Hitchcock alipotengeneza Notorious mwaka wa 1946 aliizunguka sheria hiyo kwa njia ambayo bado inanichekesha: Cary Grant na Ingrid Bergman wanabusiana kidogo, wanaachana, wanaongea habari za kuku wa chakula cha jioni, wanabusiana tena, mmoja anashika simu, wanarudia. Inaenda hivyo zaidi ya dakika mbili, na hakuna busu hata moja lililovunja sheria.

India ilipopata uhuru 1947 ikapanga upya ukaguzi wake, kwa sheria ya 1952. Busu halikupigwa marufuku waziwazi, ila likafukuzwa na mazoea, na uoga wa wenye pesa, na nchi changa iliyotaka kuonekana na heshima zake. Mwaka wa 1969 kamati iliyoongozwa na jaji G.D. Khosla ilipendekeza busu liruhusiwe pale hadithi inapolihitaji. Maua yakaendelea na kazi miaka mingi baadaye. Marekani nayo ilikuwa imezika kanuni za Hays mwaka mmoja tu kabla, 1968, na kuanzia hapo rimoti ya babangu haikupumzika tena.

Kwa hivyo jambo tunaloliita "damu ya Kihindi" au "damu ya Kizungu", mara nyingine ni karani tu, yuko ofisini na mkasi.

*

Jambo la pili ni nyimbo. Mtu amefiwa, anaimba. Amefukuzwa kazi, anaimba, na watu arobaini wasiomjua wanatokea nyuma yake wakiwa wamevaa sare, hatua wamezijua kama waliofanya mazoezi mwezi mzima.

Hili lina mizizi ya zamani kuliko kamera. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara ya 1931, ilikuwa na nyimbo saba. Mwaka uliofuata ikaja Indrasabha, yenye nyimbo zinazokaribia 70. Sabini! Hiyo ni kwaya iliyoingiliwa na hadithi. Waliozitengeneza walitoka kwenye utamaduni wa michezo ya jukwaani, hasa tamthilia ya Waparsi, ambapo mchezo bila wimbo ulikuwa kama pilau bila viungo. Na katika nchi yenye lugha nyingi kiasi kile, wimbo ulifika mahali ambapo mazungumzo yangekwama. Ulifika hata kwetu: Mombasa, Juma Bhalo alijulikana kwa kuchukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatilia maneno ya Kiswahili, na watu wakalia kwenye harusi kwa muziki uliotungwa Bombay.

Lakini sasa itazame picha ya Marekani iliyofungua zama za sauti, The Jazz Singer ya 1927. Kijana ni mtoto wa mwimbaji wa sinagogi. Babake anataka arithi kazi ile. Yeye anataka kuimba jazi. Anatoroka nyumbani. Mzee anamkana. Mama analia. Miaka inapita, mzee yuko kitandani anakufa, na siku hiyo hiyo kijana ana onyesho kubwa la maisha yake. Anaacha onyesho, anaenda kuimba sinagogini, mzee anamsikia kupitia dirishani, anakufa ameridhika. Mwishoni kijana yuko jukwaani anaimba juu ya mama, na mama yuko kiti cha mbele. (Anaimba akiwa amejipaka masizi usoni ili aonekane mtu mweusi. Hiyo inataka insha yake.)

Manze, kama hiyo si picha ya Kihindi, ni nini? Kuna baba mkali, mama wa machozi, nyimbo, na wosia wa kitandani. Inakosa maua tu.

Kwa hivyo wote wawili walianzia jirani. Kisha kila mmoja akashika njia yake, na utaona jinsi walivyoachana ukiuliza swali dogo: nani anaimba?

Singin' in the Rain ya 1952 ina kisa cha nyota wa filamu mwenye sauti mbovu anayeimbiwa kwa siri na msichana asiyejulikana. Mwishoni pazia linavutwa, siri inafichuka, ukumbi mzima unamcheka. Kwa Hollywood, kuimbiwa ni aibu. Kinachofurahisha ni kwamba Debbie Reynolds, aliyeigiza huyo msichana mwenye sauti nzuri, mwenyewe aliimbiwa sehemu nyingine za filamu hiyo hiyo na Betty Noyes. Na Audrey Hepburn alipong'aa katika My Fair Lady ya 1964, nyimbo zake nyingi ziliimbwa na Marni Nixon, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye filamu.

India hakuna pazia. Kila mtu anajua mwigizaji haimbi, na mwimbaji ni nyota kama yeye. Lata Mangeshkar alimwimbia Madhubala katika Mahal ya 1949, na akamwimbia Kajol katika Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995. Kajol alikuwa na miaka 21. Lata alikuwa na 66. Binti anarukaruka mvuaji akiota mchumba, sauti ni ya nyanyake, na hakuna aliyeinua nyusi. Mmarekani anataka sauti itoke kwa mwenye mdomo. Mhindi anataka wimbo uwe mzuri, mengine mtapanga wenyewe.

Na kuna mapumziko. Sinema za India hukata filamu katikati watu waende kununua chakula, hata filamu ya Marekani ambayo haikupangiwa kukatwa: jamaa anakimbizwa, mguu uko hewani, taa zinawaka. Waongozaji wa India wanalijua hilo, kwa hivyo hupanga jambo baya kabisa litokee hapo, ili ule sambusa ukiwa na wasiwasi.

*

Njia nzuri zaidi ya kuona tofauti ni kuchukua hadithi moja iliyovuka bahari na kuangalia kilichopotea forodhani.

Katika Kramer vs. Kramer ya 1979, mke anaondoka, mume anabaki na mtoto, wanapelekana mahakamani. Mwishoni mama, ingawa ameshinda kesi, anamwacha mtoto kwa babake. Hawarudiani. Hadithi ikafika Bombay, ikawa Akele Hum Akele Tum ya 1995, ya Aamir Khan na Manisha Koirala. Wanarudiana.

Katika Mrs. Doubtfire ya 1993, Robin Williams ameachika, anajivika uyaya wa kizee ili awe karibu na watoto wake. Mwishoni anaruhusiwa kuwaona, lakini ndoa haifufuki, na filamu inatuambia hilo ni sawa, familia ziko za aina nyingi. Kamal Haasan akaichukua, akaitengeneza kwa Kitamil kama Avvai Shanmughi mwaka wa 1996 na kwa Kihindi kama Chachi 420 mwaka wa 1997. Anavaa sari, anapaka poda, wazee wanamtongoza, vurugu tupu. Na mwishoni? Wanarudiana. Si ungejua.

Ni rahisi kusema sheria ndizo zilitofautiana. California ilikuwa ya kwanza Marekani kuruhusu talaka bila kumthibitishia jaji nani mkosaji, kwa sheria ya 1969 iliyotiwa saini na gavana Ronald Reagan, mwigizaji wa zamani aliyekuwa ameachika mwenyewe. Lakini India pia iliruhusu talaka kwa Wahindu kwa sheria ya ndoa ya 1955, na mwaka wa 1976 ikaongeza talaka ya makubaliano. Kwenye karatasi mlango ulikuwa wazi, ila filamu hazikutaka kuupita.

Mbona? Hapa ndipo niliacha kucheka.

Mwaka wa 1947 Uhindi iligawanywa ikawa India na Pakistan. Watu zaidi ya milioni 10 walihama, na mamia ya maelfu wakauawa. Familia zilipotezana kwenye misafara na stesheni za treni. Yash Chopra, aliyeongoza Deewaar, alizaliwa Lahore mwaka wa 1932, mji ulioangukia upande wa Pakistan. Mwaka wa 1965 aliongoza Waqt, ambapo tetemeko la ardhi linaitawanya familia moja na watoto wanakua bila kujuana. Hadithi za ndugu waliopotezana zilikuwepo hata kabla, lakini baada ya 1947 ukumbi ulikuwa umejaa watu waliojua maana yake.

Kilele ni Amar Akbar Anthony ya 1977. Ndugu watatu walipotezana wakiwa wadogo, mmoja akalelewa Mhindu, wa pili Mwislamu, wa tatu Mkristo. Mapema tu kwenye filamu wamelazwa hospitalini vitanda vitatu sambamba, wanamtolea damu mwanamke asiyeona, bila kujua ndiye mama yao. Damu inatoka kwa wote watatu kwa wakati mmoja, inapanda juu kwa mipira kama imebonyeza lifti, inachanganyika kwenye chupa moja, halafu inamshukia mama. Daktari yeyote angejiuzulu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mzee aliniangalia tu. Sasa naona alichokiona: dini tatu, chupa moja, mama mmoja, miaka 30 baada ya watu kuchinjana.

Hollywood nayo ilijengwa na nani? Adolph Zukor wa Paramount alikuwa yatima kutoka Hungary aliyehamia Marekani akiwa kijana. Harry Warner, kaka mkubwa wa wale ndugu waliotoa The Jazz Singer, alizaliwa Poland. Hawa ni watu ambao kuondoka nyumbani ndiko kulikowaokoa. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Lakini aliyepona kwa kuondoka na aliyeumia kwa kutenganishwa hawawezi kuota mwisho mmoja.

*

Tazama harusi mbili.

The Graduate, 1967. Elaine anaolewa. Benjamin anafika amechelewa, anapiga kelele nyuma ya kioo, Elaine anamkimbilia. Wazazi wanawashambulia. Benjamin ananyakua msalaba, anawafukuza nao, kisha anaufanya komeo la mlango, kanisa zima linafungiwa ndani. Wanapanda basi, gauni la harusi na yote, wanakaa kiti cha nyuma.

Dilwale Dulhania Le Jayenge, 1995, imeongozwa na Aditya Chopra, mtoto wa yule Yash Chopra wa Lahore. Simran anaozwa kwa mwanamume asiyemtaka. Raj, yaani Shah Rukh Khan, anafika Punjab. Mama wa Simran mwenyewe anamletea dhahabu zake na kuwaambia watoroke. Mlango uko wazi na nauli ipo. Raj anakataa. Anataka kupewa mkono na baba. Watu hawakuchoka kumtazama akikataa: filamu hiyo ilionyeshwa sinema ya Maratha Mandir mjini Mumbai kwa zaidi ya wiki 1,000.

Mwishoni Raj yuko kwenye treni, ametoka damu, na baba amemshika Simran mkono. Kisha anauachia. Simran anakimbia, anavutwa ndani ya behewa.

Kwa hivyo wote wanaishia kwenye chombo cha usafiri. Tofauti ni nani amebaki nyuma, na ana uso gani.

Na kila mwisho una deni lake. Kamera ya The Graduate haikatwi haraka. Benjamin na Elaine wanacheka, kisha kicheko kinaisha, wanaangalia mbele kama watu waliosahau wanashukia wapi. Upande wa pili, Simran alikuwa tayari kutoroka, alitaka kutoroka. Waliojadiliana maisha yake ni wanaume wawili. Na yule mke wa Akele Hum Akele Tum alikuwa amekwisha kuwa nyota wa filamu kabla ya kurudi nyumbani ili picha ya familia ikamilike.

*

Mimi nilichagua basi.

Nilimwandikia babangu: "Baba, nimeacha chuo. Nataka kuandika. Usijali, niko sawa." Maneno manane. Tiki mbili za buluu zikatokea saa hiyo hiyo. Hakujibu siku kumi na tisa. Kichwani nilijiona shujaa, msalaba uko mlangoni, safari imeanza. Nilichokuwa nimesahau ni kwamba karo yangu ilikuwa mkopo wa sacco kwa jina lake, na sacco haijali kama umeacha chuo. Kila mwezi alikuwa akikatwa pesa kwa ajili ya digrii ambayo haipo.

Siku ya ishirini nikapanda treni kwenda Mombasa. Alifungua mlango, nikamwamkia, akaitikia. "Umekula?" Ndiyo hotuba yote. Baada ya chakula akaweka Dilwale Dulhania Le Jayenge, tukatazama nusu ya kwanza bila kusemezana. Yalipotokea maandishi ya mapumziko, akasimamisha.

"Hiyo kazi yako inalipa?"

"Inalipa, baba. Kidogo. Na inachelewa."

"Na mkopo?"

"Nitakuwa natuma elfu mbili kila mwezi."

"Tatu."

"Tatu."

Akaenda jikoni kuchemsha chai. Hakusema amenisamehe, na mimi sikusema nitarudi chuoni, kwa sababu sitarudi. Miezi miwili mwaka huu sijaweza kufikisha hizo tatu, na aliponipigia simu sikuishika mara ya kwanza.

Lakini usiku ule aliniletea kikombe, akaketi, akaendelea na picha. Tukafika pale mama anapotoa dhahabu na Raj anazirudisha. Mzee hakugeuza kichwa kuniangalia. Alipuliza chai yake, akasema:

"Huyu kijana angetaka, angetuma meseji."